Seramu nyekundu: damu inavunjikia mwilini au umeivunja mwenyewe? Jinsi ya kupima hatua kwa hatua

Saa tatu asubuhi, foleni imejaa, unatoa tyubu kwenye sentrifuji na badala ya kukuta seramu (maji yanayobaki damu ikishaganda) ya rangi ya mafuta ya alizeti unakuta nyekundu kabisa kama juisi ya rozela. Hapo wanafunzi wengi wa fildi wanafanya moja kati ya mawili, ama anaipima hivohivo majibu yatoke aendelee na foleni, ama anaimwaga na kuandika kitabuni "sampuli imehemolaizi, leteni nyingine", yaani chembe nyekundu zimevunjika. Ya kwanza inaweza kumletea mgonjwa dawa asiyoihitaji. Ya pili inaweza kuwa imetupa kwenye ndoo ushahidi pekee kwamba damu ya yule mtu inavunjikia ndani ya mishipa yake, tena sasa hivi.

Chembe nyekundu ya kawaida inaishi kama siku 120 afu inaondolewa kimyakimya, hasa na bandama. Zikianza kuvunjika kabla ya muda wake, kwa malaria, selimundu, upungufu wa kimeng'enya cha G6PD kinacholinda chembe, kinga ya mwili kujigeuka, au kuongezewa damu isiyoendana, ndo tunatafuta huo uvunjikaji maabara. Shida ni kwamba chembe hizohizo zinaweza kuvunjika kwenye sindano yako, kwenye tyubu yako, au kwenye bajaji iliyoleta sampuli kutoka zahanati juani, na rangi inayotoka ni ileile moja. Kwa hiyo kazi ya kwanza kabla hujagusa kitendanishi chochote ni kujua imevunjikia wapi.

Mi mwaka wangu wa kwanza kazini nilitoa potasiamu 7.9 ya mtoto wa miaka minne. Dakika kumi baadaye simu, "Kaka wa maabara, huyu wako wa 7.9 yuko mbele yangu anaomba biskuti." Nilitamani ardhi ipasuke. Ndani ya chembe nyekundu potasiamu ni zaidi ya mara 20 ya ile ya nje kwenye plazima (maji ya damu isiyoganda), sasa ukipasua chache tu namba inaruka, na mtu mwenye 7.9 ya kweli moyo wake uko hatarini, hawezi kukaa anadai biskuti. Nilirudi kuiangalia tyubu, nyekundu, na nilikuwa nimeiona, nikaipima hivohivo kwa sababu ya foleni.

Kuchukua damu bila kuivunja

Hapa ndo sehemu kubwa ya tatizo ilipo kwa hiyo ntakaa kidogo. Mtu mzima mtumie sindano namba 21, ile ya kijani, mtoto 23 ya bluu. Ile ya rangi ya chungwa, 25, achana nayo labda kama hamna namna kabisa, maana kitundu chake kidogo na ukivuta kwa nguvu chembe zinapita zinajikamua. Mpira wa mkono usizidi dakika moja. Spiriti ukishapaka subiri ikauke, usipulizie kwa mdomo, na usichome wakati bado mbichi kwa sababu spiriti ikigusana na damu inaivunja palepale. Ukiwa unatumia sirinji vuta taratibu, ukiona povu jua umeshaharibu. Afu kosa ninaloliona kila wiki, mtu amevuta vizuri kabisa, anakuja kuchoma mfuniko wa tyubu na sindano ileile na kusukuma kwa kidole gumba kama anapuliza dawa ya mbu. Usifanye hivo. Toa sindano uitupe kwenye boksi la ncha kali, fungua mfuniko, acha damu iteremke yenyewe ukutani mwa tyubu.

Kuchanganya ni kupindua juu chini polepole, tyubu ya mfuniko wa zambarau mara 8 hadi 10, ya bluu 3 au 4. Kutikisa kama chupa ya syrup ya kikohozi hapana. Na ujaze mpaka mstari, damu kidogo kwenye tyubu yenye dawa nyingi nayo inavunjika. Damu iliyochotwa kwenye kanula inavunjika zaidi kuliko ya kuchoma mshipa mpya, najua masista wanafanya hivo ili wasimchome mtoto mara mbili na nawaelewa, ila kama kipimo ni cha uvunjikaji wa damu waambie mapema wachome upya.

Tyubu ya mfuniko mwekundu iache isimame wima dakika 30 igande yenyewe ndo uizungushe, mizunguko 3000 kwa dakika, muda wa dakika 10, inatosha kwenye mashine nyingi tulizonazo. Ukiharakisha utakuta nyuzinyuzi, utaanza kuchokoa na kijiti, hapo umezivunja. Usiweke damu nzima kwenye friza hata kwa "dakika tano tu", ikiganda barafu chembe zote zinapasuka. Na kama kuna bilirubini (rangi ya njano itokanayo na chembe zilizovunjika) ya kupima funika tyubu na karatasi ya foili au hata karatasi ya kaboni, mwanga unaila bilirubini, na meza zetu nyingi ziko dirishani.

Sasa ni nani aliyevunja?

Umeona nyekundu. Usimwage. Angalia tyubu zote za mgonjwa huyohuyo zilizokuja pamoja. Kama ya mfuniko mwekundu imekuwa nyekundu lakini ya zambarau ukiizungusha plazima ni njano safi, kosa liko kwenye ile tyubu moja. Kama zote ni nyekundu bado usiamue, labda aliyevuta alizivuta zote kwa nguvu. Nenda mwenyewe wodini, usitume mtu, chukua nyingine mkono mwingine kwa sindano nzuri, pasipo kufunga mpira kama mshipa unaonekana, uibebe mkononi mpaka maabara uizungushe ndani ya saa moja. Ikitoka njano, ya kwanza mliivunja nyinyi. Ikitoka nyekundu tena, sasa acha kulaumu sindano, huyo ni mgonjwa na mpigie daktari kabla hujaendelea.

Jicho lina mpaka wake lakini. Uvunjikaji mdogo jicho halioni, na mgonjwa mwenye bilirubini ya juu plazima yake ni njano nzito kama binzari, inaweza kuficha wekundu. Tena damu ikivunjwa taratibu na bandama, hemoglobini haimwagiki kwenye plazima kwa wingi, plazima inabaki njano tu na mgonjwa anaisha hemoglobini hivohivo. Kwa hiyo plazima isiyo nyekundu haijamsafisha mtu.

FBP (picha kamili ya damu): usisome hemoglobini peke yake

Mashine ikitoa karatasi watu wanakimbilia Hb (hemoglobini). Wewe zidisha Hb mara 3, inatakiwa ikaribie hematokriti, yaani sehemu ya damu kwa mia ambayo ni chembe nyekundu. Hb 12, hematokriti 36, safi. Sasa siku moja nikapata Hb 7.2, hematokriti 16, MCHC (ukolezi wa hemoglobini ndani ya chembe) 45. Mara tatu ya 7.2 ni 21.6, hiyo 16 imetoka wapi, na MCHC ya 45 chembe haiwezi kubeba, hamna nafasi humo ndani. Ukiona hivo kuna mambo matatu ya kufikiria. Chembe zimevunjika, mashine inahesabu hemoglobini iliyomwagika lakini chembe zenyewe haizioni. Au plazima ina mafuta mengi, mgonjwa ametoka kula chipsi. Au chembe zimeshikana kwa sababu ya baridi na mashine inahesabu kundi zima kama chembe moja kubwa. Ile yangu niliishika juu kwenye mwanga nikaipindua polepole, nikaona punje ndogondogo zinateremka kwenye kioo kama pumba kwenye uji. Nikaiweka kwenye maji ya 37 kwa dakika 20, nikairudisha mashineni ikiwa bado ya moto, hematokriti ikapanda kuwa 21.5 na MCHC ikashuka 33. Yule alikuwa na kingamwili za baridi, na hicho tayari ni nusu ya jibu la kwa nini damu yake inaisha.

Slaidi

Kama una kipimo kimoja tu cha kufanya, fanya hiki. Slaidi moja, Giemsa, na darubini ya mafuta, hospitali yoyote ya wilaya inaweza. Paka filamu nyembamba, ikauke, ifikse na methanoli, maji ya kuchanganyia Giemsa yawe pH 7.2. (Nene usiifikse, kwenye nene tunataka chembe zivunjike kwenye maji ili wadudu wa malaria wabaki peke yao waonekane, yaani ndo sehemu pekee maabara ambapo kuvunja damu ni kazi nzuri.)

Soma pale chembe zinapokaribia kugusana ila hazijapandana. Unachotafuta: chembe zilizokatika vipandevipande kama kofia ya pikipiki au pembe tatu, hizo zinaonyesha zimekatwa zikipita kwenye mishipa midogo, ukiziona na chembe sahani ziko chini mpigie daktari simu usisubiri karatasi. Vijimpira vidogo vilivyojaa wekundu bila weupe katikati vinaenda na kinga ya mwili kushambulia chembe au ugonjwa wa kurithi wa ukuta wa chembe. Chembe kama imeng'atwa pembeni kama andazi, hapo fikiria G6PD. Mundu unazijua. Afu malaria, usisahau malaria eti kwa sababu mRDT (kipimo cha haraka cha malaria) ilikuwa hasi. Na chembe kubwa zenye ubluu kwa mbali ni changa, uboho unajitahidi kufidia.

Ukikosa hata moja ya hizo na slaidi ni nzuri, hiyo nayo iandike. Chembe zilizovunjikia kwenye sindano hazikuachii vijimpira wala vipande vya pembe tatu.

Retikulosaiti, yaani chembe changa

Kipimo cha bei rahisi na kinaachwa sana. Kama damu inavunjika mwilini, uboho unamwaga chembe changa ndani ya siku chache, lakini kama umeivunja wewe mezani uboho hauna habari. Chuja rangi kwanza, niyumethilini bluu au brilianti kresili bluu, isipochujwa punje za rangi zinakaa juu ya chembe na utahesabu uchafu. Matone mawili ya damu ya EDTA (ile tyubu ya zambarau), mawili ya rangi, changanya, 37 dakika 15 hadi 20, changanya tena maana chembe changa zinaelea juu, paka, ikauke, usifikse. Lenzi ya mafuta, hesabu chembe 1000. Changa ina kijiwavu cha bluu ndani. Kawaida kwa mtu mzima ni kati ya 0.5 na 2.5 kwa mia.

Sasa usitoe asilimia tupu. Mtu wa hematokriti 18 mwenye retikulosaiti 15 kwa mia, zidisha 15 kwa 18 gawa kwa 45 (hematokriti ya kawaida), unapata 6. Afu kwa sababu upungufu ni mkubwa chembe zimetoka ubohoni mapema na zinakaa changa siku mbili, gawa kwa 2, unabaki na 3. Kuanzia 3 hivi uboho unafanya kazi, damu inapotea au inavunjika. Chini ya 2 uboho umelala. Lakini kumbuka mtu aliyetokwa damu nyingi wiki iliyopita naye anapanda, kwa hiyo retikulosaiti peke yake haisemi "inavunjika", inasema "inafidiwa".

Kemia na mkojo

Bilirubini isiyo ya moja kwa moja inapanda, LDH (kimeng'enya cha ndani ya chembe) inapanda, haptoglobini inashuka mpaka haisomeki. Haptoglobini ndo nzuri kuliko zote kwa swali letu, kwa sababu inakamata hemoglobini iliyomwagika mwilini na zote mbili zinaondolewa na ini, ukivunja damu kwenye tyubu ini halipo humo. Tatizo ni kwamba vituo vingi hawana, usiahidi. LDH ndo ya kuangalia kwa macho mawili, ndani ya chembe imejaa zaidi ya mara 100 ya plazima, sampuli iliyovunjwa na sindano itakupa LDH ya kutisha na utaamini umepata ugonjwa. Potasiamu na AST (kimeng'enya kingine) nazo vilevile. Mpangilio ninaouamini: LDH juu, bilirubini juu, potasiamu ya kawaida, hiyo inanuka mwilini, maana figo zimeshaondoa potasiamu. Potasiamu juu, LDH juu, bilirubini ya kawaida, hemoglobini ya kawaida, nenda ukachukue damu upya.

Mkojo uwe wa saa hiyohiyo, sio uliolala kwenye kopo tangu alfajiri. Chovya stripu, ikisema damu +++ zungusha mkojo uangalie kwa darubini. Chembe zipo, anatokwa damu kwenye njia ya mkojo. Chembe hamna, ni hemoglobini au ni myoglobini ya misuli, sasa rudi kwenye plazima, ikiwa nyekundu ni hemoglobini, ikiwa safi fikiria misuli. Mkojo mweusi kama chai ya rangi iliyokolea kwa mtoto mwenye homa, huo usisubiri foleni.

Coombs, na siku ile saline ilipotuumbua

Coombs inaonyesha kama kingamwili zimejishika kwenye chembe nyekundu. Tumia damu ya EDTA, sio iliyoganda. Osha chembe mara 3 au 4 kwa saline (maji ya chumvi), tyubu ijae, na kila mara umwage maji yote mpaka tone la mwisho. Tengeneza mchanganyiko wa kama asilimia 3 hadi 5, weka tone moja, ongeza kitendanishi cha Coombs matone mawili mara tu baada ya kuosha mara ya mwisho, zungusha, soma kwa kuinamisha polepole. Ukipata hasi lazima uongeze chembe za kuhakikisha, zile zilizovikwa kingamwili za IgG, na zishikane. Zisiposhikana hasi yako ni ya uongo, hukuosha vizuri, protini iliyobaki imekula kitendanishi.

Kituo kimoja nilichowahi kufanya kazi, asubuhi moja tyubu sita za wagonjwa sita zikawa nyekundu ng'avu kwenye raundi ya kwanza ya kuosha, chini hamna kidonge cha chembe hata kimoja. Tukaangaliana. Dada mmoja akasema labda ni G6PD wote. Wote sita? Kuonja ni marufuku, kwa hiyo tukachukua chembe zetu wenyewe tukaosha na chupa ileile, nyekundu. Mtu wa zamu ya usiku alijaza maji yaliyochemshwa kwenye chupa iliyoandikwa saline. Chembe ukiitia kwenye maji matupu inafura na kupasuka, kwa mtu mzima wa afya inaanza kupasuka chumvi ikishuka kwenye 0.5 hadi 0.45 kwa mia na inaisha yote kwenye 0.3 hivi. Tangu siku hiyo kila chupa mpya naijaribu kwa chembe zangu kwanza, inachukua dakika mbili.

Kama mgonjwa yuko kwenye damu ya kuongezewa na ameanza kutetemeka au mgongo kuuma, agizo ni moja, damu isimamishwe, mfuko wote na mpira wake uletwe maabara. Linganisha plazima ya kabla na ya baada, pima Coombs zote mbili, rudia makundi. Lakini kabla ya yote soma majina, kwenye fomu, kwenye mfuko, kwenye tyubu, kwenye kitanda. Damu isiyoendana ikimfikia mtu mara nyingi kosa ni la karatasi, sio la kitendanishi.

Kutafuta chanzo

Selimundu: metabaisalfaiti asilimia 2 itengenezwe siku hiyohiyo, tone la damu, kioo juu, ziba pembeni na mafuta mgando hewa isiingie, angalia baada ya nusu saa, ikiwa hasi iache uangalie tena baadaye. Weka na damu ya mtu unayejua ni AS pembeni (AS ana jeni moja ya selimundu, SS anazo mbili). Chanya haikuambii AS au SS, na AS wamejaa huku kwetu wazima kabisa, Anthony Allison alishaonyesha 1954, kwa kupima watu Kenya na Uganda, kwamba AS inakinga dhidi ya malaria. Kwa hiyo chanya iende elektroforesisi au HPLC, vipimo vinavyotenganisha aina za hemoglobini, usimwambie mama "mwanao ana selimundu" kwa kipimo cha slaidi. Mtoto chini ya miezi sita hasi yake usiiamini, bado ana hemoglobini ya uchanga.

G6PD: ile ya kung'aa chini ya taa ya UV ni rahisi, inayong'aa ina kimeng'enya, isiyong'aa haina. Mtego ni muda. Damu ikiwa imetoka kuvunjika, chembe kuukuu zisizo na kimeng'enya ndo zimekufa, zilizobaki ni changa zenye kimeng'enya kingi, utapata "kawaida" kwa mtu asiye kawaida. Andika kwenye majibu irudiwe baada ya miezi 3. Kama ameongezewa damu pia unapima ya aliyechangia.

Na kuna hii watu wanaisahau. Mtoto kalazwa na malaria kali, kachomwa artesunate, kapona karuhusiwa, wiki moja au mbili baadaye analetwa viganja vyeupe, Hb imeanguka, malaria hasi. Uliza kama alichomwa artesunate. Bandama inamng'oa mdudu aliyekufa ndani ya chembe na kuirudisha chembe kwenye damu, ila chembe hiyo haidumu, zinakuja kuvunjika kwa pamoja baadaye. Fanya retikulosaiti, LDH, Coombs, na hemoglobini ya kila siku chache.

Majibu yaandikweje

Usiandike "hemolaizi" peke yake, daktari hajui unamaanisha tyubu au mtu. Mi naandika hivi: "Plazima nyekundu kwenye sampuli mbili, mikono tofauti, saa 3:10 na saa 4:25. Slaidi: vijimpira vingi, hamna malaria. Retikulosaiti iliyorekebishwa 3. Coombs chanya. Potasiamu haikutolewa kwa sababu ya rangi ya sampuli." Kama ni kosa letu: "Sampuli imevunjika wakati wa kuchukua, ya pili safi, majibu ni ya sampuli ya pili." Afu zile tyubu zote, hata ile ya kwanza mbovu, ziweke lebo na saa, uzipange kwenye friji ya 2 hadi 8, maana saa nane mchana dokta atapiga simu kuuliza kama imebaki ya kutosha kuongeza kipimo.